Baba, Baba Mdogo na Kamera ya Goti

Safari yote ilikula mbuzi jike mwenye mimba, bidoni tatu za mafuta ya mawese, kitenge nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya arusi, na nusu ya chumvi iliyokuwa dukani kwangu Salamabila. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilizidi ya kwanza, basi nimeshika ya pili, maana katika hesabu za hasara ile kubwa ndiyo ya kweli. Wengi mmeniuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande chake pale sokoni huku napima chumvi. Sasa naandika yote mara moja, msije mkakutana mkaunganisha vipande vyenu vibaya.

Mnamjua baba yangu, Mzee Amisi wa Kabambare. Goti lake la kulia lilivimba miaka miwili iliyopita, kiangazi kile aliposhindana na mdogo wake, Baba mdogo Sefu, juu ya mpaka wa michikichi waliyoachiwa na babu. Waligombana asubuhi, kabla ya mwezi kwisha goti lilikuwa kama papai. Shangazi Mwamini, dada yao, alikwenda kwa mpiga ramli, akarudi na jibu ambalo mnaweza kulikisia: kuna kitu kimetupwa ndani ya goti, na aliyekitupa ni wa tumbo moja naye. Tangu siku ile Baba na Baba mdogo hawakusemezana tena. Na ukoo ulikata shauri: siku kitu hicho kitakapotolewa, kikaonekana, Sefu atafunga mizigo na kuondoka Kabambare. Mzee mwenye wajukuu. Aende wapi?

Ndipo habari ikafika sokoni kwamba hospitali moja ya Kasongo imepokea dokta wa kupita, mwanamke, mwenye kamera nyembamba kama sindano ya kufumia. Anatoboa goti tundu dogo, anaingiza kamera, anaona ndani kama mtu anavyochungulia chumbani kwa tundu la ufunguo. Shangazi alifurahi: kitu kitaonekana. Mimi pia nilifurahi: hakitaonekana, na Baba mdogo atabaki. Tulichanga kwa moyo mmoja, kila mtu kwa sababu yake.

Kutoka Kabambare

Kwetu inasemwa kwamba kitu cha namna hiyo kikitolewa, aliyekitupa lazima awe karibu akione kwa macho yake, la sivyo kinatafuta mwingine. Kwa hiyo Baba alitoa sharti: Sefu aende naye. Baba mdogo hakubisha. Alifika alfajiri amevaa koti, amesimama wima kama anangoja kukaguliwa na gavana.

Basi tukawa watatu na pikipiki mbili. Nilijaribu kuwapanga. Baba hakutaka kukaa karibu na mdogo wake, na mimi siwezi kukatwa vipande viwili, kwa hiyo Baba mdogo alipanda peke yake na mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa mkungu wa ndizi, mkeka, na bakuli la bati lenye mfuniko ambalo Baba hakukubali mtu mwingine alishike.

"Baba, bakuli hili ni la chakula?"

"Chakula gani? Ni la kuwekea kile kitu. Utakileta Kabambare mukononi?"

Alikuwa amelisafisha kwa majivu hadi linang'aa. Nilitazama upande. Kitu kilichonichoma si bakuli. Ni kwamba mfuniko wake alikuwa ameufunga kwa kamba, kisha akaongeza kamba ya pili. Baba yangu alikuwa anaogopa.

Njiani waliongea kupitia kwangu. Tulipopumzika, kila mmoja hatua tatu kutoka kwa mwenzake, Baba alisema, "Zaina, umuambie baba yako mudogo asitupe maganda ya ndizi njiani, watu watateleza."

"Baba mdogo, Baba anasema..."

"Nimesikia. Umuambie baba yako hii njia hakuna mutu anapita, iko nyani tu."

"Baba, Baba mdogo anasema..."

"Nyani nao wako na miguu."

Kazi ya mjumbe bila mshahara. Biashara mbaya kuliko zote nilizofanya.

Kijito kilichokuwa mto

Kuna kijito kabla ya Lusangi ambacho kiangazi unakiruka bila kuvua viatu. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha milimani, magogo ya daraja yalikwenda na maji, na vijana wa pale walikuwa tayari na mabega yao. Wanabeba watu, wanabeba pikipiki, wangekubali hata kubeba ng'ombe. Mkubwa wao alinitajia bei.

"Kwa bei hiyo," nikamwambia, "unanivusha hadi Nyangwe, kupita Kasongo."

"Mama, maji iko kali."

"Naona. Na wewe unakaa hapa kila mwaka, maji yanakujua."

Tulivutana hadi akacheka, na mtu akishacheka bei imeshalainika. Baba akapandishwa mabegani, bakuli kifuani. Baba mdogo akakataa.

"Mimi nitapita na miguu yangu."

"Muzee, hii maji itakubeba," kijana akamwambia.

"Basi itakuwa imenibeba bure."

Akaingia. Niliona maji yakimfika kiunoni, uso wake haukubadilika hata kidogo, lakini mkono mmoja ulikuwa umezama na haukuonekana ukifanya kazi yoyote. Alipotoka upande wa pili nikauona: ulikuwa umeshika paja, umelibana kama mtu anayezuia mlango. Kisha akainama kufunga kamba za viatu. Alikaa ameinama muda mrefu sana. Alikuwa amevaa kandambili.

Nilidhani ni baridi.

Lusangi, kwa mwenye sombe

Mnyororo wa pikipiki moja ulikatika tukiwa tunaingia Lusangi, na mwenye nayo akasema wa kubadilisha utatoka kesho, labda. Hilo "labda" nalijua. Mimi pia huwa naliuza. Tukapokelewa na mama mmoja mjane anayepika kando ya barabara. Alituona: binti mmoja, wazee wawili wenye paji moja la uso na masikio mamoja. Akafanya ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angefanya: akawawekea ndugu hao sahani moja ya sombe ya majani ya muhogo, sinia moja ya ugali, na samaki mmoja wa kukausha katikati.

Baba akaitazama ile sahani. Mnaelewa. Unakulaje sahani moja na mtu unayeamini ametupa kitu mwilini mwako? Na unaikataaje mbele ya mama aliyekupikia?

"Zaina," akasema polepole, "umuambie aanze yeye."

Baba mdogo alielewa kabla sijafungua mdomo. Alinawa mikono, akakata tonge, akachovya, akala. Kisha akanyoosha mkono akachukua kichwa cha samaki, kile ambacho tangu utoto wao ni cha mkubwa. Akakitafuna taratibu, macho juu.

"Umuambie," Baba akasema, "kuonja haiko kumaliza."

"Umuambie sumu inapenda kukaa kichwani. Ninamuchungia."

Mama mwenye sombe alicheka akidhani ni utani wa ndugu. Mimi nilimeza maji. Lakini niliona mdomo wa Baba umecheza upande mmoja, halafu akaukumbuka, akaurudisha. Aliendelea hivyo hadi mwisho: Baba mdogo anagusa mahali, Baba anakula mahali palepale palipoguswa. Walimaliza sahani bila kuangaliana, mikono yao ikifuatana kama miguu ya mtu mmoja.

Asubuhi, wakati wa kuondoka, mama yule alikataa malipo ya ndizi za kuchoma. Nilimbembeleza apokee. Nimezoea kuvuta bei chini. Kuivuta juu kulinishinda, nikamwachia chumvi.

Kasongo, kwenye benchi

Kasongo tulipata chumba karibu na soko, na kesho yake tukaenda kukaa kwenye benchi la hospitali. Benchi lile ni nchi nzima. Kulikuwa na kijana wa mpira ambaye goti lake lilikwama limekunjwa. Kulikuwa na mchimbaji aliyeanguka shimoni huko kwetu Salamabila, na tulipojuana akanikumbusha kwamba niliwahi kumuuzia chumvi yenye mchanga. Nikamwambia mchanga ulitoka kwake. Kila aliyetoka kwa dokta aliulizwa, "Ameingia? Ameona nini?" Yule kijana wa mpira alitoka siku iliyofuata amefungwa bendeji, na meno yote nje. Kamera iliingia. Kuna kipande kilichokuwa kimechanika kikaziba bawaba ya goti, dokta amekikata.

Baba aligeuka akanitazama. Kipande kimetoka kwa mtu! Akashika bakuli lake vizuri zaidi. Baba mdogo alikuwa mwisho wa benchi, ameketi huku mguu umenyooshwa mbele, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Hakuonekana kama mtu anayengoja kusafishwa jina. Alionekana kama mtu anayehesabu siku za mwisho za nyumba yake.

Chumbani kwa dokta

Dokta alikuwa mtu mfupi, mwenye Kiswahili cha Bukavu na mikono isiyotulia. Alimlaza Baba, akalikunja goti, akalikunjua, akaweka kiganja juu yake kama anasikiliza redio. Likalia kwa ndani: krr, krr. Halafu akaibandika picha ya mifupa kwenye kioo cha dirisha.

"Muzee, unaona hapa? Kati ya mifupa miwili panapaswa kuwa na nafasi. Nafasi hiyo ni gegedu: ile nyeupe inayoteleza kwenye mwisho wa mfupa wa kuku, watoto wanapenda kuitafuna. Kwako imelika. Mufupa unakaribia kusugua mufupa."

"Ndiyo. Sasa uingie na kamera uangalie nani ameila."

"Sitaingia."

"Tumetoka Kabambare."

"Najua, na ninakuhurumia. Yule kijana, kitu chake kilikuwa kimechanika na goti limekwama, ndiyo maana niliingia. Kwa goti la kuzeeka, tumekwisha kuona: ukiingia, ukaosha, ukakwangua, mutu hapati nafuu kuliko yule aliyefanya mazoezi tu. Anapata kidonda, na wakati mwingine damu inaganda mguuni. Wewe ulikuwa na baiskeli?"

Baba alishtuka kidogo. "Nilikuwa nayo."

"Tairi ikiisha, ukichungulia kwa kamera utaona vizuri sana kwamba imeisha. Kamera haioteshi tairi."

Baba akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo: "Amekiona. Anaogopa kukigusa."

Hapo nilihisi tumefika mwisho. Tungerudi hivyo, bila kamera, na Shangazi angesema maneno hayo hayo: hata dokta amekiogopa. Nilikuwa nimelipa mbuzi mwenye mimba ili kumfukuzisha baba yangu mdogo.

Dokta akamwomba Baba mdogo, aliyekaa kwenye kiti kando ya ukuta, aje amsaidie kaka yake kushuka kitandani. Baba mdogo akaweka kiganja ukutani, akasukuma, akainuka kwa vipande: kwanza kiuno, halafu mgongo, halafu uso uliotulia. Dokta hakuwa anamtazama Baba tena.

"Na wewe, muzee? Tangu lini?"

"Mimi sina kitu."

"Mbona umeinuka kwa ukuta?"

"Ukuta uko karibu."

"Panda kitandani."

Alikataa mara tatu. Alipopanda na suruali ikakunjwa, magoti yote mawili yalikuwa yamevimba, la kushoto limepinda kwa nje. Nilikumbuka kandambili zisizo na kamba. Nikakumbuka kwamba kwa miaka miwili sijamwona Baba mdogo akiinuka mahali penye watu. Siku zote alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Baba akasema neno moja. "Kimerudi."

Kwa msiojua: kwetu inasemwa pia kwamba mtu akitupa kitu na kikashindwa kummaliza mwenzake, kinageuka kumrudia aliyekitupa, mahali palepale. Ndiyo maana Baba mdogo alitembea wima. Kila hatua sokoni, kila safari ya msikitini, kila mazishi, aliilipa kwa kuuma meno, kwa sababu siku angechechemea kidogo tu, kesi ingekwisha bila mashahidi.

Nikamwambia dokta, "Mpige picha na yeye. Nitalipa." Sikuuliza hata bei. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nianze biashara.

Picha mbili zikabandikwa kioo kimoja. Dokta akazitazama kwa muda. Nikamuuliza goti lipi lilitangulia. Akasema picha haina kalenda, hawezi kutaja mwaka. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, kama ninavyofanya kwa muuzaji anayekwepa.

"Sikia, mama. Hili la mudogo limechakaa zaidi, na mufupa wake umeota miiba pembeni. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Mwaka siujui, lakini kwa kuangalia hii, hili la mudogo lilianza mbele ya lile la mukubwa."

"Mbele? Kabla yake?"

"Mbele."

"Basi haliwezi kuwa limerudi," nikasema, "maana kitu hakirudi kabla hakijakwenda."

Dokta hakuelewa, na sikumweleza. Aliuliza tu, "Hawa wazee wamefanya kazi gani?"

Wakajibu pamoja, kwa sauti moja: "Baiskeli."

Kila mmoja akashangaa kusikia mwenzake. Baba mdogo ndiye aliyeendelea, akiongea na dokta lakini si kwa dokta. Miaka yao ya ujana walisukuma baiskeli zilizopakiwa mawese, kutoka Kabambare hadi hapa Kasongo, na kurudi na chumvi na sabuni. Kupanda, mkubwa anashika usukani na mdogo anasukuma nyuma. Kushuka, mdogo anavuta nyuma kwa kamba, ameegemea kinyume, magoti yanakuwa breki.

"Breki yote ilikuwa wewe," Baba akasema.

Hakuniambia mimi niseme. Alisema mwenyewe.

"Inakuuma wakati gani?" Baba akauliza. "Kupanda ao kushuka?"

"Kushuka, Yaya." Ndivyo alivyomwita kaka yake tangu utoto.

"Mimi pia kushuka."

"Na asubuhi, ukiamka."

"Asubuhi! Kama mutu ameumwagia saruji."

"Halafu inalegea."

"Inalegea ukishakunywa chai."

Dokta akaketi. Nadhani aliona kwamba dawa imeanza. Alipomaliza kuwafundisha mazoezi, kukaa kitini, kunyoosha mguu, kuushikilia juu, kuushusha polepole, akauliza bakuli lile la bati ni la nini.

"La chakula," Baba akasema.

Kurudi

Wenye pikipiki walilalamika njia nzima, maana kila tuliposimama wazee walitafuta gogo la kukalia, wakaanza kunyoosha miguu. Lusangi watu walitoka nje kutazama. Baba alihesabu kwa sauti kwa ajili ya wote wawili, na alipofika sita Baba mdogo akamwambia alishafika sita mara mbili. Waligombana juu ya hilo hadi tulipoanza kusafiri tena. Sikuwa na kazi. Hakuna aliyesema "umuambie". Kijitoni maji yalikuwa yamepungua, lakini Baba aliwaita wale vijana.

"Mubebe na huyu."

"Yaya, mimi..."

"Watu wa hapa hawakujui. Panda."

Akapanda. Mabegani mwa kijana alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Kabla ya Kabambare, pale nyumba zinapoanza, Baba akaamuru pikipiki zisimame. Ilikuwa saa ya watu kukaa barazani.

"Tutaingia na miguu."

"Yaya, watu wako kule wote."

"Ndiyo maana." Akamshika mdogo wake bega. "Sefu. Tembea vile inauma."

Baba mdogo alisimama pale. Alikuwa ameyashinda maumivu miaka miwili. Sasa kuyaacha yaonekane kulimshinda. Hatua ya kwanza aliipiga wima kwa mazoea. Baba akamtikisa bega. Ya pili ikavunjika. Ya tatu ikaanguka upande, na ya nne, na akaanza kuchechemea mbele ya Kabambare nzima, na Baba anachechemea pembeni yake, na kwa kuwa mmoja anaumwa zaidi kushoto na mwingine kulia, walikuwa wanagongana mabega kila hatua. Mimi nilifuata nyuma na mkeka. Sikuwa naona njia vizuri, tuseme ni vumbi.

Watu walisimama barazani. Nilisikia mtu akinong'ona, "Kimemurudia." Baba naye alisikia. Akasimama uani mwetu, mbele ya Shangazi Mwamini, akasema kwa sauti ya kuuza mbuzi:

"Hakuna mutu alitupa kitu. Njia ya Kasongo ilikula magoti yetu, mimi na Sefu, na yeye ilianza kumula mbele yangu, juu ya kuwa breki yangu. Haondoki. Anayetaka aondoke, anifukuze mimi kwanza."

Wengi walikubali. Wengine walikubali kwa sababu jua lilikuwa kali. Shangazi hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Kamera iliingia?"

"Haikuingia."

"Basi mumejuaje?"

Baba akamweleza gegedu, tairi, picha mbili kwenye kioo. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema haijaingia ni haijaingia, akataka kwenda zake jikoni. Akaweka mkono mmoja juu ya goti, wa pili juu ya nguzo ya nyumba, akainuka kwa vipande.

Baba aliona. Baba mdogo aliona. Tukatazamana sisi watatu.

Yeye hakusukuma baiskeli. Alibeba vitunga vya mihogo mgongoni tangu akiwa msichana, na hilo dokta angeliona mara moja. Lakini dokta yuko Kasongo, na Shangazi akikiri leo kwamba anaumwa, kwanza atamtazama Sefu kwamba ndiye aliyetupa. Tangu siku ile anampita bila kumsalimu. Baba mdogo, ambaye anajua kuliko sisi wote ni kitu gani kuficha goti, amekuja kwangu dukani kwa siri: anasema nimpeleke Mwamini kwa dokta, na yeye yuko tayari kukaa nyuma yake kwenye pikipiki amshike asianguke, hata kama hatamsemesha njia nzima. Moyo wangu unasema ndiyo. Kichwa changu kinauliza nani atamwambia, na kwa maneno gani, ili asione kwamba tunamtega. Nyinyi mliokula kwake, mnaomjua akiwa amechoka na akiwa amefurahi, nisaidieni: nianze na lipi?